Fundi, iulize mashine kabla ya kutia CD!

Jamani mafundi wenzangu, CD ya Solaris si Panadol. Nimechoka kuona kila seva ikigoma kuwaka, dawa ni kuinstall upya.

Juzi usiku nimejikalia zangu Likoni, simu ikalia. Ofisi moja kule kisiwani ina Sun Fire V240 ya kale (ndiyo, bado inapiga kazi, ingawa Sun wenyewe walinunuliwa na Oracle mwaka 2010). "Ndugu yangu njoo, seva imekufa." Nikavuka feri. Nafika, fundi wao ana CD mkononi. Skrini inarudia ujumbe ule ule kwamba inasubiri jibu la ARP, na mchana kutwa walikuwa wanabadilisha waya za mtandao! Maskini, waya hazikuwa na kosa. Mashine hizi kwa kawaida boot-device yake ni "disk net": ikikosa diski, inakwenda kubahatisha mtandaoni. Ujumbe wa ARP hapo maana yake ni "sijaona diski".

Sasa wasomaji wangu, seva za SPARC zina programu iitwayo OpenBoot. Haikai kwenye diski, inakaa kwenye chipu ya ubao wenyewe, kwa hiyo diski ikifa yenyewe iko hai, inakungoja na neno lake fupi: ok. Si siri, hata IEEE waliifanya kanuni, namba 1275, mwaka 1994. Nikachomeka waya wa konsoli kwenye laptopu, nikatuma break, nikaandika:

setenv auto-boot? false
reset-all
probe-scsi-all

Mistari miwili ya kwanza usiiruke. Ukiikatiza Solaris ikiwa kazini kisha ukakimbilia probe-scsi-all, mashine yaweza kuganda hapo hapo.

Jibu likaja: Target 1 ipo, Target 0 haipo. Diski hizo zilikuwa pacha, kila moja na nakala kamili. Hebu fikiri: ile CD ingeona diski moja tu, ile nzima, na hiyo ndiyo ingefutwa. Hesabu zote za ofisi, kwaheri!

Tukazima. Kumbe asubuhi walikuwa wameizima kupangusa vumbi, na diski ya kwanza haikurudishwa ikakaa sawasawa. Nikaisukuma mpaka ikalia "kach". Probe tena: Target 0 hiyo. Nikarudisha auto-boot? kuwa true, boot, Solaris ikawaka.

Sisemi probe yamaliza kila kitu. Diski inaweza kutaja jina lake vizuri na bado ina sehemu zilizooza. Lakini isiyojibu kabisa, hakuna CD itakayoiponya.

Fundi akaniambia eti mambo hayo ni ya kizamani. Sawa bwana. Na wewe wa PC usicheke: mara ya mwisho uliingia lini kwenye BIOS kuangalia kama diski imetajwa, kabla hujaformat Windows ya mtu?