Giza lisiwe mtaji wa mafundi wadanganyifu

Si siri tena kwamba mwananchi wa nchi hii amekwisha kuzoea giza. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliparamia paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na taifa zima likakosa umeme. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilitanda tena toka pwani hadi bara, hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta usisalimike. Kabla mwaka huo haujaisha, yakatokea mengine kama hayo. Hapana ajabu, basi, kwamba watu wengi wamejinunulia inveta na betri, na wengine jenereta, ili angalau taa na televisheni zisizimike.

Wapo watakaosema kwamba televisheni ni anasa, na kwamba aliye gizani ana mambo mazito zaidi ya kuwaza. Sikubaliani nao. Tangu nchi ihamie mitambo ya dijitali mwaka wa 2015, jamaa nyingi zilizo mbali na minara hupata habari kwa njia ya dishi na king'amuzi. Matokeo ya uchaguzi, tahadhari ya mafuriko na mitihani ya watoto, yote hupitia humo. Aidha kuna kijana aliyekodi kibanda sokoni, anayeonyesha mpira kwa shilingi chache kila kichwa. Umeme ukimkatikia dakika ya kumi ya mchezo, atawarudishia wateja fedha zao, na kodi ya kibanda haimngoji.

Linalonisikitisha si giza lenyewe bali biashara iliyozuka juu yake. Acha nieleze yaliyonipata mwenyewe, maana kwa kisa hicho msomaji atatambua ninakoelekea.

Jumamosi moja adhuhuri umeme ulipotea mtaani kwetu. Inveta yangu ikashika kazi kama ilivyo desturi yake. Televisheni ikawaka, taa ya king'amuzi ikawaka, lakini kwenye kioo pakatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Nikaita fundi. Alifika, akatazama dishi lililo juu ya paa bila kulipanda, akatikisa kichwa, kisha akatoa hukumu: LNB, yaani kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, imeungua, na inveta yangu "haina nguvu ya kubeba dishi." Vyote viwili vingebadilishwa kwa shilingi elfu kumi na nne, nusu ilipwe papo hapo.

Nilikuwa nimekwisha kutia mkono mfukoni pale kijana anayelinda ploti aliponiita kando kwa heshima. "Mzee," akasema, "kale kasanduku ka ngazini nako kamezimika." Nikashuka naye. Kumbe ploti nzima, nyumba kumi na mbili, yatumia dishi moja, na mawimbi hugawanywa na kisanduku ambacho mafundi hukiita multiswichi. Kisanduku hicho kimechomekwa kwenye soketi ya ngazini, katika mita ya mwenye nyumba. Umeme ukipotea, nacho hufa, na hakuna king'amuzi hata kimoja kitakachopata kitu, hata kiwe na betri ya treni. Tulivuta waya kutoka kwenye inveta yangu hadi ngazini kwa muda wa kujaribu tu, na picha ikarejea. Kisanduku chenyewe hakili umeme hata wa balbu moja ndogo. Fundi alikuwa bado juu, anapiga hesabu.

Sikusudii kuwatukana mafundi wote. Wapo waungwana, wenye mita ya kupimia mkononi na maswali mengi kinywani. Na huo ndio utambulisho wao: fundi wa kweli huuliza kwanza. Je, tatizo hili lipo hata umeme wa kawaida ukiwapo? Je, stesheni zote zimepotea, au baadhi tu? Maswali haya mawili yatosha kumwokolea mtu maelfu ya shilingi.

Lichukue hilo la pili. King'amuzi hakipokei tu kutoka kwenye dishi; nacho hupeleka umeme kidogo juu kupitia kebo ile ile. Hupeleka kiasi cha volti 13 kuiamuru LNB ichukue mawimbi yaliyosimama wima, na volti 18 kuiamuru ichukue yaliyolala. Basi ukiona nusu ya stesheni zimetoweka na nusu zinang'aa, jua kwamba aghalabu dishi halijasogea hata kidogo. Huenda volti 18 hazifiki juu, ama kwa kuwa sehemu ya umeme ndani ya king'amuzi imechoka, ama kwa kuwa kebo ni ndefu na viungo vyake vimeshika kutu. Kusafisha kiungo na kukifunga upya ni kazi ya dakika kumi, na hakuna sababu ya mtu kuuziwa dishi jipya kwa ajili yake.

Mara nyingine hata kosa lenyewe halipo. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna dishi za ajabu kidogo. Satelaiti nyingi zinazotangaza kwetu hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na ile iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini mwa mkazi wa Nairobi. Kwa hiyo dishi lake hulala kama bakuli lililokingwa mvua, likapokea majani, vumbi na samadi ya ndege. Tena siku chache za mwezi Machi na Septemba, mnamo saa sita u nusu mchana, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti hiyo na kuyameza mawimbi kwa dakika kadhaa. Nimemjua mtu aliyebadilisha LNB kwa sababu ya jua, akasifu kazi ya fundi kwa kuwa picha ilirudi alasiri.

Ama kuhusu inveta, hapo wauzaji nao wana hesabu ya kutoa. Ukizunguka katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini utakuta visanduku vyepesi vilivyoandikwa wati elfu moja, ilhali uzito wake pekee wakutilia shaka. Nyingi za bei nafuu hazitoi umeme laini wenye mkondo kama ule wa nyaya za mtaani, bali hutoa umeme wa ngazi ngazi. King'amuzi kingi huvumilia, lakini baadhi hunguruma, hupata joto, au hujizima na kujiwasha bila kukoma. Mtu akikumbwa na hali hiyo, ajaribu kifaa chake kwenye inveta bora ya jirani kabla hajakitangaza kuwa maiti.

Betri nayo yasingiziwa mengi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200. Betri za kawaida za risasi hazipendi kumalizwa. Ukitaka zidumu, tumia nusu tu, yaani 600. Televisheni ndogo ya kisasa na king'amuzi kwa pamoja hutumia wati 65 hivi. Ongeza zinazopotea ndani ya inveta, zifike kama 76. Hapo utapata saa zipatazo nane. Anayepata nusu saa tu, basi ama betri yake imekufa, ama haijapata kujaa, ama ameuziwa betri ya gari, ambayo imeundwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi na muda mfupi, wala si kulisha televisheni usiku kucha. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au 12.7. Mita ya kupimia hayo haina bei ya kumtisha mtu aliyeweza kununua inveta.

Kuna na lile la umeme unaporudi. Hurudi kwa kishindo, ukapanda na kushuka kabla haujatulia, na hapo ndipo ving'amuzi vingi hufia. Kile kifaa ambacho watu huchomekea friji, kinachouchelewesha umeme dakika chache hadi utulie, kingefaa hata kwa televisheni. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataja fidia kwa mteja aliyeharibiwa mali na umeme mbovu, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuandika barua na kuifuatilia? Tunanung'unika, tunanunua kingine, tunanyamaza.

Nasema haya yote kwa sababu kuna mambo ambayo mpangaji hawezi kuyafanya peke yake. Waya nilioupitisha ngazini siku ile niliuondoa jioni, kwani si haki wala si salama kila mpangaji kuvuta waya wake mahali watoto wanapopita. Mwenye nyumba anayetoza ada ya dishi kila mwezi yampasa akiwekee kisanduku kile betri ndogo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kodi ya nyumba kumi na mbili.

Nayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo hutoa leseni kwa mafundi wa umeme, haina budi kuwafikia hawa wanaounganisha inveta na jenereta majumbani. Wengi hawana leseni, na madhara yao si ya mfuko tu. Nimeona kwa macho yangu jenereta iliyounganishwa na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani, swichi kubwa ikiwa haijazimwa. Umeme wa jenereta hiyo hutoka nyumbani, hupanda nguzo, na kumkuta mfanyakazi aliyepanda huko akiamini kwamba waya umekufa. Swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na nyaya za mtaani, ndiyo dawa ya pekee, na yeyote anayeunganisha bila hiyo anastahili kupelekwa mahakamani. Mwenye kibanda cha mpira naye aitoe jenereta yake nje, mbali na dirisha. Moshi wake una hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamekaa vitini wanatazama mchezo.

Fundi wangu wa Jumamosi ile hakurudi kudai nauli. Nasikia wiki iliyofuata alimbadilishia LNB mpangaji wa ploti ya pili, na kwamba nako kuna kisanduku ngazini.