Masisi na Walikale: huzuni imepungua, lakini hofu bado inakaa nyumbani

Kwa mkaaji wa Masisi, kuamka usiku kuangalia kama mlango umefungwa si ugonjwa. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Walikale-centre mwezi wa Machi. Siku zile nani hakuangalia mlango? Lakini kuna anayeuangalia, analala, anaamka tena, mara ishirini mpaka alfajiri, na yeye mwenyewe anajua kwamba umefungwa. Mwingine ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Mwingine anahesabu watoto wake, akikatizwa anaanza upya.

Baadhi yao ni watu ambao majirani wanasema wamepona. Walikaa miezi katika huzuni nzito, bila kula vizuri wala kuzungumza, kisha wakarudi shambani. Kilichobaki hakionekani. Wazo baya linaingia bila kuitwa, tendo linalituliza kwa dakika chache, halafu linarudi na nguvu zaidi. Waganga wa hospitali wanajua kwamba ugonjwa huu na ule wa huzuni mara nyingi hutembea pamoja.

Na sisi wa nyumbani tunajibu mara mia: «Ndiyo mama, umefungwa.» Tunafikiri ni huruma, kumbe tunaulisha ugonjwa. Matibabu yanakwenda kinyume: mgonjwa anasaidiwa, kidogo kidogo, kukaa na ile hofu bila kurudia tendo, mpaka ishuke yenyewe. Kuna pia dawa, kama fluoxetini na klomipramini. Zinachukua wiki nyingi kufanya kazi, na haziachwi siku mtu anapojisikia vizuri. Kumpeleka mgonjwa kwenye maombi si kosa. Kumfunga kamba huko na kumnyima chakula eti ana pepo, hilo ni kosa, na wachungaji wanaolinyamazia wanalijua.

Je, inawezekana huku kwetu? Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulifuata wanawake 405 wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Waliotibiwa katika vikundi, na wasaidizi wa hapa hapa ambao si waganga, miezi sita baadaye 9% tu ndio waliobaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida, mmoja mmoja, ilikuwa 42%. Haukupima ugonjwa wa kurudia-rudia, tusiuongezee chumvi. Lakini ulionyesha kwamba mtu wa kijiji akifundishwa vizuri anaweza kutibu.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Kituo cha Tulizo Letu kiko Goma; kwa mgonjwa wa Walikale, hiyo ni safari ndefu, na mwaka 2025 mapigano yaliikata njia. Kwa hiyo kazi inaanguka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Wafadhili wanaoleta miradi ya miezi mitatu wamlipie mafunzo na dawa za mwaka mzima. Naye, mgonjwa anaposema huzuni imekwisha, asifunge daftari kabla ya kumuuliza: kuna kitu unachokirudia hata kama hutaki?