Saa Sitini na Thamani ya Shahada

Shahada ya usimamizi wa miradi ijulikanayo kwa herufi PMP, ambayo Project Management Institute, chama kilichoasisiwa Marekani mwaka 1969, huwatunuku waliofaulu mtihani wake, si milki ya kudumu. Kwani kila miaka 3 mwenyewe hana budi kuihuisha kwa saa 60 za mafunzo na huduma kwa fani, na akighafilika husimamishwa mwaka mmoja, kisha shahada hubatilika, na aitakaye tena hurejea mtihanini.

Hekima ya sharti hili ni bayana. Mtihani hushuhudia ayajuayo mtu siku moja, ilhali zana za kazi na taratibu za zabuni hubadilika. Na tajiri amkabidhiye mtu fedha za daraja ana haki ya kutaka ithibati mpya.

Walakini mgawanyo wa saa hizo wastahili kutazamwa kwa insafu. Zisizopungua 35 ni za kujifunza, na katika zilizosalia kazi yenyewe ya kuendesha miradi haihesabiwi zaidi ya saa 8. Basi msimamizi aliyekesha akipanga upya ratiba, baada ya shehena ya nondo kukwama bandarini, hufikia ukomo wake upesi. Na mwenziwe aliyewasha somo la intaneti katika simu, akaliacha linene peke yake huku yeye akitia saini hati za malipo ya saruji, huandikiwa saa nzima. Chama hukagua baadhi ya madai, lakini cheti cha kuhudhuria huthibitisha kuhudhuria tu.

Wako watakaotaka saa za kazi ziongezwe. Mimi siafiki, kwa kuwa kazi hujenga mazoea, na mtu aweza kukadiria gharama pungufu muongo mzima pasi na kujua sababu. Somo jema ndilo limwonyeshalo taksiri yake. Ila elimu hiyo iulizwe imezaa nini: baadhi ya saa 35 ziambatane na maelezo mafupi ya jambo lililobadilika mradini, yashuhudiwe na mtu aliyekuwapo kazini. Yamkini wengine watabuni, lakini kubuni mbele ya shahidi aijuaye kazi ni kugumu kuliko kuiacha simu inene. Aidha, waajiri wadaio shahada iliyo hai wasitosheke na tarehe iliyoandikwa juu yake. Wamwulize mwombaji alichojifunza tangu aihuishe, na mahali alipokitumia.