Muuguzi Naye ni Dada Yetu



Juzi tulimpima gauni bi harusi mmoja, muuguzi wa hospitali moja ya Dar es Salaam. Tulipofika mkono wa kushoto akaurudisha kwa maumivu. Ulikuwa umevimba. Ndugu wa mgonjwa aliusokota baada ya kuambiwa dawa haipo, akanunue nje.

Akatwambia mkono utapoa. Kinachomsumbua ni kuwa usiku hapati usingizi, na mtu akipaza sauti wodini mikono inamtetemeka, naye ameshika sindano.

Sisi nasi kazi yetu ni sindano. Tukikosea, tunafumua. Ya kwake inaingia mwilini mwa mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mama yako.

Wengi wetu huku visiwani tunavuka na boti kupeleka wagonjwa Dar, na wapo walioolewa huko, Kinondoni na Temeke. Hospitali za rufaa za Mwananyamala na Temeke zinapokea wagonjwa wanaotoka zahanati na vituo vya afya. Foleni ndefu, dawa hazitoshi, daktari ana watu wengi. Anayeonekana muda wote ni muuguzi, basi hasira zote zinamshukia yeye. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupata kipigo au shambulio la mwili wakati fulani katika kazi yao. Hapo matusi hayajahesabiwa.

Tunajua mtasema, mbona na wao wanatutukana leba? Wapo kweli, na hiyo ni dhulma. Lakini dhulma haiondoki kwa kofi. Mtafute muuguzi msimamizi wa zamu, andika kwenye sanduku la maoni, peleka malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na wakuu wa hospitali nao wasimwache muuguzi peke yake usiku bila mlinzi, kisha akipigwa aambiwe avumilie.

Tukumbuke Bi Rufaida al-Aslamiyya, radhi za Allah zimfikie. Hema lake la kutibu majeruhi lilikuwa msikitini kwa Mtume (S.A.W.) Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa Vita vya Khandaq alilazwa humo. Kazi iliyopewa nafasi msikitini, sisi tunaitukania nini?

Bi harusi unayejiandaa, inshaallah siku ya kujifungua itafika. Unapotayarisha khanga za uzazi, kaa na mumeo na mama mkwe mkubaliane mapema: nani atakusindikiza, nani ana subira, nani ataongea na wauguzi kwa adabu. Mwenye hasira abaki nyumbani akuombee dua.

Allah awahifadhi wauguzi wetu, na azihifadhi ndimi na mikono yetu. Amin.