Picha ya Mzazi Ingoje Arubaini

KAULI YA JUMA
Na Mwinyimkuu Athumani

Katika zama za bibi zetu wa pwani, chumba cha mzazi kilikuwa na mlango mmoja na bawabu mmoja, naye ni mkunga. Mume, ingawa nyumba ni yake na gharama ni zake, alikaa barazani na tasbihi mkononi akingoja vigelegele vimpe habari kwamba mama na mwana wametengana salama, na yeyote aliyethubutu kupenya kabla ya wakati alitolewa kwa maneno ambayo gazeti la heshima haliwezi kuyachapa. Leo bawabu huyo amepata mshindani. Huko Marekani na Ulaya, kupiga picha za uzazi ni kazi kamili yenye ujira wake na mafundi wake, ilhali kwetu aghalabu mpiga picha ni mume, dada au shoga aliyefuatana na mzazi hospitalini, simu iko mkononi tangu langoni, na mtoto hajakatwa kitovu sura yake imekwisha kuvuka bahari.

Wako wanaotaka kamera ipigwe marufuku kabisa mahali pale, wakidai kuwa haya imetoweka duniani. Mimi si miongoni mwao. Mwaka 1951 mpiga picha wa Kimarekani, W. Eugene Smith, alikwenda Pineville katika jimbo la South Carolina akaandamana na Maude Callen, nesi mkunga mweusi aliyekuwa akiwazungukia mafukara wa mashamba, wengi wao weusi kama yeye, watu ambao daktari walimjua kwa kumsikia tu. Picha hizo zilitoka katika jarida la Life tarehe 3 Desemba mwaka ule, na miongoni mwake zilikuwamo za mama kijana katika utungu, uso umekunjamana, Bi Maude yuko pembeni yake. Wasomaji ambao pengine wasingalisoma hata sahifa moja ya ripoti ya serikali juu ya jambo lile walituma michango iliyofika maelfu ya dola, na mwaka 1953 Bi Maude akafungua zahanati iliyopewa jina lake. Atakayesema kwamba picha zile hazikustahili kupigwa, na aende kwanza akawaulize waliotibiwa pale.

Lakini zahanati ilipata jina la mkunga, na mpiga picha akapata sifa ya aushi; mama yule wa kitandani, ambaye utungu wake ndio uliofungua mifuko ya watu, alipata nini zaidi ya mtoto wake? Swali hili halikumwacha Smith hata baada ya kufa kwake. Katika picha aliyoipiga mwaka 1971 huko Minamata, Japani, mama anamwogesha binti yake aliyedhuriwa na zebaki tangu tumboni, na ulimwengu mzima uliitazama picha hiyo kama hoja dhidi ya kiwanda kilichomwaga sumu baharini. Lakini mnamo mwaka 1998, binti amekwisha kufa na Smith pia, Aileen Smith, aliyekuwa mkewe na aliyekuwa na haki za picha ile, aliwarudishia wazazi uamuzi, nao wakachagua mtoto wao apumzike asitazamwe tena. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka, isipokuwa naitaka mapema zaidi.

Wala haidhuru kukumbusha kwamba ufundi una njia za sitara. Eve Arnold, aliyekuwa amepoteza mimba yake mwenyewe, alikwenda katika hospitali moja ya Port Jefferson, jimbo la New York, mwaka 1959, akapiga picha za dakika 5 za kwanza za maisha ya watoto. Na mojawapo ya zile zilizobaki katika kumbukumbu za watu haionyeshi uso wala mwili, bali mkono wa kichanga umekishika kidole cha mamaye, basi.

Kwetu sitara ina adui mwingine, nao ni ufinyu wa wodi. Siku moja shemeji yangu alinionyesha picha ya mwanawe aliyezaliwa alfajiri ile katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Mtoto, mashaallah, alikuwa bado ana utando mweupe mabegani, na kitovu kimebanwa kwa kibanio cha plastiki; lakini nyuma yake, kati ya pazia na ukuta, alikuwapo mwanamke mwingine kitandani, kanga imemwanguka, macho yameielekea kamera bila ya kuiona. Shemeji hakuwa amemwona mpaka nilipomwonyesha kwa kidole, na wakati huo picha ilikuwa imekwisha kuwafikia jamaa wote, wa Mombasa na wa Muscat. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu 2022. Lakini sheria huja na karani na hakimu, na picha huenda kwa kidole kimoja.

Sasa, idhini. Watasema kwamba mke aliulizwa naye akakubali. Aliulizwa lini? Mwanamke aliye katika utungu atakubali lolote ili aachwe, na kauli ya saa ile si idhini ya kumfunga mtu. Na aulizwe katika miezi ya mimba, amchague mwenyewe wa kushika kamera, kama ambavyo Shirika la Afya Duniani linashauri achaguliwe na mzazi mwenyewe yule wa kumfariji leba. Na mkunga akisema toka, mtu atoke bila ya kujibizana, kwa maana saa ile ya kwanza, ambayo mtoto mwenye afya hutakiwa awe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akinyonya, haikuwekwa kwa ajili ya kutafuta pembe nzuri ya mwanga.

Kisha na aulizwe mara ya pili. Kwa hilo wahenga wetu wametuachia muda uliokwisha kupimwa: siku 40 ambazo mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hulishwa uji wa pilipili manga, naye mwana hatolewi nje. Ikiwa mtoto mwenyewe anangoja arubaini, picha yake ina haraka ya kwenda wapi? Kwa hiyo, enyi waume, mkipigiwa simu kuulizwa habari, semeni kwamba wametengana salama, na simu yenye picha mkabidhini mwenye utungu wake. Arubaini ikitimu, akitaka kuzitoa, atazitoa. Na asipotaka, zifuteni.