"Kompyuta Imekataa" Si Jibu

Ndugu wafanyakazi wa Cyanzarwe na Rubavu nzima,

Tangu 2015 huduma nyingi za serikali ya Rwanda huombwa kupitia Irembo, kwa kompyuta au simu. Mahali pengi hata mishahara na kilo za majani ya chai huandikwa katika kompyuta. Lakini tukiuliza haki yetu tunaambiwa: "Kompyuta imekataa." Tunarudi nyumbani, na siku ya kazi imepotea.

Sisi tunasema mashine haina kinyongo na mtu. Kila kosa lina sababu, na mara nyingi ni ndogo. Ikiganda, izimwe na kuwashwa tena. Kioo kikiwa cheusi, zitazamwe nyaya. Neno la siri likikataliwa, pengine kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Jina lisipoonekana, lilinganishwe na kitambulisho, herufi kwa herufi. Maneno ya kosa yanayotokea kwenye kioo yaandikwe, maana fundi atayahitaji.

Basi tudai mambo mawili: tuonyeshwe kosa kwa macho yetu, na tufundishwe kompyuta ndani ya saa za kazi. Ajuaye kuuliza hafukuzwi kwa neno moja.

Umoja ni nguvu!