Nani Ataulizwa Damu Hii?

Vyuo vikuu vya dunia leo vinashindana kuifundisha ndege isiyo na rubani ijiamulie mambo yenyewe: ipite wapi, imfuate nani, na mwisho wake, imuue nani.

Elimu ya kurusha ndege hizi hatuibezi. Mwaka 2016 zilirushwa Zanzibar kupiga picha za ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha huko wakashiriki. Ndege ikikosea hapo, picha hupigwa upya. Roho ikishatoka, ni nani wa kuirudisha?

Watetezi wa jambo hili husema binadamu ana hasira na hofu, mashine haina. Naam, haina. Haina pia nia, wala huruma, wala haikukalifishwa. Sisi wakazi wa Gongo la Mboto tunakijua chuma kisicho na nia. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka, mabomu yakaangukia majumba ya watu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Bomu halikuuliza nani mtoto, nani mzee. Ile ilikuwa ajali; je, tukubali sasa ifanywe kuwa somo la chuoni?

Tazama na Kabul, tarehe 29 Agosti 2021. Wanajeshi wa Marekani, watu wenye macho na akili, walirusha kombora kutoka ndege ya namna hiyo wakaua raia 10, na 7 kati yao ni watoto. Walikiri kosa, kisha mwezi wa Desemba wakatangaza kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Ikiwa mtu aliyeamua hakuadhibiwa, mashine ikiamua ataulizwa nani? Mwalimu atalisukumia jeshi, jeshi litakisukumia kiwanda, kiwanda kitaisingizia mashine. Damu ibaki haina mwenyewe!

Wala usiambiwe kwamba haizuiliki. Mwaka 2018 wataalamu zaidi ya 50 walitangaza kukisusia chuo cha KAIST cha Korea ya Kusini kwa kushirikiana na kampuni ya silaha katika utafiti kama huu. Mkuu wa chuo akaahidi kwamba hawataunda silaha zisizoongozwa na binadamu.

Basi wewe mwanafunzi, na wewe mzazi uliyemsomesha, ulizeni kabla ya kazi kuanza: amri ya mwisho iko mkononi mwa nani? Kama jibu ni mashine, kataeni. Siku ya Hisabu haina wakala.